Ndala Mlangoni mwa Jiko

Mtaa mzima wa Utemini ulikuwa umeshatoa hukumu. Fundi Chediel ndiye aliyemuua Mama Dorkas, na kilichobaki ni mahakama kugonga muhuri. Alilichukua friji likiwa haligandishi, akalirudisha likigandisha vizuri, na asubuhi iliyofuata mama wa watu aliyekuja kumsalimia mwanawe akaligusa, akafa. Nani alihitaji upelelezi hapo?

Inspekta Anastazia Alute aliuhitaji. Hakuwa mtu wa kupenda ubishi, lakini alichukia kuletewa kesi iliyokwisha kupikwa na watu wasioujua hata moto. Jalada la Chediel lilitakiwa kwenda mahakamani kesho yake, shitaka la kuua bila kukusudia. Akishasomewa, fundi yule angesota mahabusu, na mkewe angetukanwa na mtaa mpaka ahame. Na kama siye aliyeua, basi aliyeua alikuwa bado yuko nje, akila na kulala na watu. Hilo la pili ndilo lililomkosesha Anastazia hamu ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo alimtoa Chediel rumande, pingu mkononi, akampakia nyuma ya gari pamoja na Koplo Bonifasi, wakaenda kwenye nyumba ya tukio.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mama Hansa, mjane wa Kihindi aliyeuza vitambaa mjini tangu ujana wake. Yeye aliishi upande wa mbele. Upande wa nyuma, ng'ambo ya uwanja mdogo wa sementi, alipanga dereva wa lori la alizeti aitwaye Fabiano, na mkewe Lea. Marehemu Dorkas alikuwa mama yake Fabiano. Walikuwa wamemzika jana kwao Mkiwa. Lea alirudi asubuhi kwa wito wa polisi. Fabiano alibaki msibani, na alikuwa ameshapiga simu kituoni zaidi ya mara moja kusema jioni anakuja na gari kulitoa lile friji akalitupe.

Upepo wa Singida ulikuwa kazini. Ulikuwa ukiukamata mlango wa bati wa jikoni, unaufungua, unaubamiza, unaufungua tena. Ndani kulinuka nyama iliyooza, kwa kuwa umeme ulikuwa umezimwa tangu siku ya kifo.

Mlangoni, nje ya kizingiti, kulikuwa na jozi mbili za ndala. Moja ilikuwa ya bluu, mpya mpya. Nyingine ilikuwa ya kahawia, kisigino kimelika upande mmoja, na ya mguu wa kulia imekatwa kipande kidogo upande wa kidole gumba.

"Za nani?" Anastazia aliuliza.

"Za bluu zangu," alisema Lea. Alikuwa amesimama ndani, miguu mitupu juu ya tailizi, khanga ya msiba kiunoni. "Hizo nyingine za mama. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuziondoa."

Anastazia aliziangalia kidogo, kisha akaziruka bila kuzigusa. "Koplo, mfungue pingu fundi."

Chediel alijisugua viganja, akalitazama friji kama mzazi aliyeitwa shuleni. Siku alizolala rumande hazikuwa zimempunguza mdomo. "Afande, mimi mafriji nayasikia kwa masikio tu. Hii mikono imetengeneza mafriji tangu yale ya mafuta ya taa. Uliza Singida nzima, uliza mpaka Manyoni—"

"Sijakuuliza Manyoni. Fungua plagi."

Koplo Bonifasi alimnong'oneza bosi wake, ingawa kunong'ona kwake kulisikika hadi uwanjani. "Utakuta waya wa ethi umekatwa, afande. Hawa mafundi wa mtaani ndio mchezo wao. Friji likivuja umeme na kuzimisha nyumba nzima, wao wanakata ule waya wa kijani na njano unaopeleka umeme ardhini. Nyumba haizimiki tena, mteja anafurahi, na bodi la friji linabaki na moto."

Ndivyo mtaa mzima ulivyoamini. Chediel alifungua skrubu ya plagi, akaifunua, akampelekea Inspekta mbele ya macho. Nyaya zote tatu zilikuwepo. Ule wa kijani na njano ulikuwa umebanwa vizuri, tena umeachwa mrefu kuliko wenzake, umejikunja kidogo.

"Huo nauacha mrefu makusudi," alisema Chediel, kidevu juu. "Mtu akivuta waya vibaya, wenzake wanachomoka kwanza, ethi inabaki ya mwisho. Hapa mjini hakuna mwingine anayefunga hivyo. Hiyo ndiyo sahihi yangu."

"Na kabla hujaligusa, plagi ilikuwaje?"

"Hapo umeuliza, afande! Niliukuta umekatwa na kufichwa humo humo. Friji ni la mtumba hili, huko lilikotoka kuna mtu aliukata. Mimi sikubali kurudisha kazi ya namna hiyo. Nikaumenya upya, nikaubana. Sikumtoza hata senti."

"Lea, ulijua kwamba ulikuwa umekatwa?"

"Sijui hata unafananaje, afande."

Koplo Bonifasi alikuwa ameduwaa kidogo, maana ushahidi wake wote ulikuwa kwenye ule waya. Anastazia hakumsubiri. Mashine na mashahidi alivihoji kwa namna moja: swali moja, jibu moja, kisha unamtoa huyu nje ndipo unamwingiza mwingine. Aliagiza friji lisogezwe mbali na ukuta. Akamwamuru Chediel achukue kipimo, kile mafundi wanachokiita mita, agusishe ncha moja kwenye bodi la chuma na nyingine kwenye miguu miwili ya plagi inayobeba umeme, mmoja baada ya mwingine.

"Unatafuta nini?" Inspekta aliuliza.

"Kama kuna umeme unaovuja ndani ya friji na kutokea kwenye bodi. Ukivuja, mita inasema."

Mita haikusema. Anastazia alimwambia atenganishe kompresa, apime peke yake. Kimya. Thamostati mpya aliyoifunga Chediel mwenyewe. Kimya. Kishikio cha taa ya ndani, kile kinachopenda kuingiwa na maji. Kimya. Alimwambia arudie yote tangu mwanzo, safari hii Koplo Bonifasi akishika mita ili pasiwe na maneno baadaye. Jibu likawa lile lile.

"Friji halina kosa," alisema Koplo, na sauti yake haikuwa ya mtu anayefurahi.

"Halina."

"Sasa limeuaje?"

Anastazia alikuwa ameshaligeuzia friji mgongo. Alikuwa akiutazama ukuta. Ile soketi ilikuwa imekaa usawa wa goti, nyeupe, safi, mpya kuliko rangi ya ukuta uliouzunguka. Kichwa cha skrubu moja kilikuwa kimechubuka, kama mtu aliyeifunga aliteleza na bisibisi.

"Koplo, nenda kaondoe utepe wetu kwenye meni swichi, uwashe. Lea, toka nje. Fundi, vaa viatu vyako. Una testa?"

"Fundi gani asiye na testa?"

Umeme uliporudi, taa ya jikoni iliwaka na kila mtu akaitazama kwa wasiwasi. Chediel alichuchumaa. Alichomeka kijiti kwenye tundu la juu ili kufungua njia ya matundu ya chini, kama watu wote wafanyavyo majumbani kwao, akaingiza testa tundu la chini kulia. Kitaa chekundu kikawaka kwenye mpini. Kushoto, hakikuwaka.

"Iko sawa. Moto kulia, kushoto hakuna."

"Na la juu?"

"La juu halipimwi, afande. Hapo ni ethi. Njia ya kwenda ardhini hiyo, umeme haukai."

"Ulipolirudisha friji, ulipima hapo?"

Chediel aliigeuza testa mkononi. "Hakuna anayepima hapo."

"Toa hicho kijiti. Pima."

Aliingiza testa tundu la juu, uso umejaa dharau ya fundi anayeamrishwa na mwanamke. Kitaa kikawaka. Kiliwaka chekundu vile vile kama kule kulia, tena bila kupepesa. Chediel aliruka nyuma hadi mgongo ukagonga sinki, testa ikamdondoka.

"Zima!" Anastazia alipaza sauti kumwambia Koplo. "Zima kule nje, urudishe utepe, kisha uje hapa."

Soketi ilipofunguliwa, mambo yalikuwa wazi hata kwa Koplo Bonifasi. Waya wa ethi wa nyumba ulikuwa umechomolewa kwenye mahali pake, ncha yake imezungushiwa utepe mweusi wa umeme, raundi kwa raundi, bila haraka. Mahali pake kulikuwa na kipande kifupi cha waya mwekundu kilichotoka kwenye moto na kuingia kwenye ethi. Chochote chenye chuma ambacho kingechomekwa hapo kwa plagi nzima ya miguu mitatu, bodi lake lingekuwa na moto kamili, na nyumba isingezimika wala taa isingepepesa. Kilikuwa kitu cha kuua watu, hakuna jina lingine.

Kisha akaona kingine. Aliinama na tochi ya simu. Juu ya ule utepe mweusi buibui alikuwa ametanda utando, na utando wenyewe umekula vumbi la kutosha.

"Hiki hakikufungwa juzi," alisema. "Kilikuwepo muda mrefu kabla fundi hajaitwa."

"Mbona kisiue mtu muda wote huo?" aliuliza Koplo aliyekuwa amechungulia mlangoni.

Chediel ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kabati la sinki, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Kwa sababu waya ulikuwa umekatwa. Moto ulikuwa unakuja hadi kwenye plagi, unakosa pa kupita. Mimi ndiye niliyeunga njia." Aliitazama mikono yake. "Ningeuacha umekatwa, kama mafundi wabovu, yule mama angekuwa hai. Kwa hiyo ni mimi, afande. Nirudishe tu ndani."

"Ulikosea kutopima ukuta, na hilo utaliandikia maelezo," alisema Anastazia. "Lakini moto huu hukuuweka wewe. Kaa hapo hapo, usiguse kitu."

Anastazia alisimama, akazima tochi. Kilichofungwa miezi iliyopita hakikumsubiri mgeni kutoka Mkiwa. Kilimsubiri mtu wa humu ndani.

Lea alikuwa uwanjani, anachota maji kwenye pipa. Hata huko alikuwa hajavaa ndala zake.

"Lea, nieleze tena ile asubuhi. Taratibu."

"Nilikuwa nimepiga deki. Huwa napiga deki, halafu nafuta friji kwa kitambaa cha maji, kila siku, hata Fabiano ananicheka. Siku ile mama alininyang'anya kitambaa. Akasema, mwanangu, pumzika, mimi nimekuja kukusaidia, sikuja kukaa tu. Nikaenda kuchukua mkaa. Nikasikia ndoo inaanguka." Aliacha kuchota. "Nilimkuta kitambaa bado kimeshika hapo kwenye bawaba za mlango wa friji, pale palipo chuma kitupu. Nikapiga kelele, Mama Hansa akakimbilia meni swichi."

"Fabiano alikuwa Itigi."

"Itigi, ndiyo. Tangu mwaka jana Itigi haimwishi." Alisema hivyo haraka, kisha akageuza macho. Anastazia alimsikia mwanamke mwingine nyuma ya sentensi ile na hakuuliza.

"Alijua kwamba friji limeenda kwa fundi?"

"Hapana. Nilitaka akirudi akute linagandisha, afurahi. Hata kwamba mama amekuja hakujua. Mama alikuja tu, bila simu, na kuku wake mkononi."

"Jikoni unaingia miguu mitupu. Ndivyo ulivyolelewa kwenu?"

"Aa, sio kwetu. Kwao Fabiano. Aliniambia mama yake ndivyo alivyowafundisha tangu wadogo, jikoni hakuingiwi na viatu, ni kama kudharau chakula. Zamani alikuwa haniambii. Mwaka huu ndio akakazania, akinikuta na ndala anakasirika kweli. Basi nikazoea."

"Na mama mwenyewe? Ulimwambia avue?"

Lea alishtuka. "Mimi nimwambie mama mkwe avue viatu? Afande! Alivua mwenyewe, alipofika tu hapo mlangoni. Nikasema moyoni, kumbe kweli ndivyo walivyo. Maana siku zote akija alikuwa anakaa kule mbele na Mama Hansa, mimi nampelekea chai. Jikoni kwangu ilikuwa mara yake ya kwanza."

Anastazia alimshukuru, akavuka uwanja kwenda upande wa mbele. Koplo Bonifasi alimfuata hatua moja nyuma akiwa na wazo jipya, na wazo la Koplo halikai kifuani.

"Afande, mwenye nyumba. Soketi ni mali ya mwenye nyumba. Na nimesikia kijana wake, yule Prashant, anataka vyumba vya nyuma viwe stoo ya vitambaa. Wapangaji wakitishika, wanahama."

"Inawezekana," alisema Anastazia, na alimaanisha. Wazo halikuwa baya.

Mama Hansa alikuwa kibarazani, mkasi wa kukatia vitambaa mapajani, hana anachokata. Kwenye kiti cha pili, kile cha plastiki kilichokuwa mbele yake, hakuna aliyeketi. Miguu yake ilikuwa ndani ya viatu laini vya kufunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hapana hicho, kaa hiki kingine. Hicho cha Dorkas."

Anastazia alikaa alipoelekezwa. "Mlikuwa marafiki."

"Sisi wote sukari, mwanangu. Akija, tunakaa hapa, tunalalamika mpaka jua linazama. Leo mguu, kesho macho." Mama Hansa alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Mimi ndiye nilimkatia ile ndala. Kidole chake kilikuwa na kidonda, kinabanwa. Nikasema lete hapa, nikakata kwa huu mkasi. Mkasi wa vitambaa, umeharibika kidogo, lakini sijali."

"Alikuwa akivua ndala?"

"Nani, Dorkas? Hapana! Daktari alituambia, mguu wa sukari haugusi chini. Yeye mpaka bafuni na ndala. Mpaka kitandani zinakaa pale pale miguu inaposhuka. Mimi nilikuwa namtania, nikamwambia Dorkas, wewe utazikwa nazo." Aliushika ule mkasi vizuri. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Anastazia aligeuka kutazama upande wa nyuma. "Soketi za nyumba ya nyuma ni mpya. Nani alizifunga?"

"Mwanangu Prashant alileta fundi, mwaka jana mwishoni. Alibadilisha nyumba nzima. Jikoni kwa Fabiano tu hakuingia. Fabiano alimzuia mlangoni. Akaniambia, mama, nipe mimi hiyo soketi, nitafunga mwenyewe, kazi ya dakika mbili. Nikampa mkononi."

Anastazia na Koplo walitazamana. Siku ya kifo, Fabiano akiandika maelezo kituoni, macho yamevimba kwa kilio, alikuwa amesema maneno ambayo Anastazia aliyakumbuka neno kwa neno: mimi na umeme mbalimbali, afande, kwangu hata balbu anabadilisha mke wangu.

Lakini lilikuwa neno la mwenye nyumba dhidi ya neno la mpangaji, na mwenye nyumba ana kijana anayetaka stoo. Wakili yeyote angelipangusa kabla ya chai ya saa nne. Fabiano angerudi leo, angelitupa friji, angelia tena, na usiku angefunga mlango akiwa yeye na Lea. Anastazia alimwogopea yule msichana, waziwazi, kama ndugu yake wa damu.

Gari liliingia uwanjani jua likiwa bado kali. Fabiano alishuka peke yake, vumbi la barabara ya Mkiwa mabegani, macho mekundu. Kilio chake hakikuwa cha kuigiza. Anastazia alikuwa ameona vya kuigiza vingi na hiki hakikuwemo. Fabiano alimwona Chediel amekaa mlangoni mwa jiko, akamwendea mbio.

"Huyu bado anatembea? Ameniulia mama yangu, na mmemleta hapa aje kunywa soda?"

Koplo alisimama katikati. Chediel hakuinua uso.

"Pole sana, Fabiano," alisema Anastazia. "Tumeshalipima friji, utaondoka nalo. Limebaki jambo dogo tu la kumalizia ripoti, ili mwendesha mashitaka asije akanisumbua."

"Jambo gani?"

"Daktari anasema mama angeweza kupona. Umeme ulipita hadi chini kwa sababu alikuwa miguu mitupu kwenye sakafu mbichi. Angekuwa na ndala, pengine angerushwa tu, akaumia mkono." Alionyesha kizingiti kwa kidevu. "Zile pale. Alizivua kabla ya kuingia. Naandika kwamba ilikuwa kawaida yake?"

Fabiano alizitazama zile ndala za kahawia. Inaelekea alikuwa hajaziona hadi wakati ule. Rangi ilimtoka usoni, akaanza kutikisa kichwa, kwanza polepole, kisha kwa nguvu.

"Hapana. Sio kweli. Mama havui ndala."

"Zilikutwa hapo."

"Nimekwambia havui! Mama ana sukari, afande, daktari alimkataza! Jikoni, chooni, kote anavaa, tangu mimi mdogo sijawahi kumwona mama amekanyaga chini! Nani amemvua? Nani alimwambia mama yangu avue?"

Sauti yake iligonga kuta za uwanja. Mama Hansa alikuwa ameshatoka barazani na mkasi wake mkononi. Upepo uliubamiza mlango wa bati, kisha ukaufungua, na pale mlangoni alikuwa amesimama Lea.

"Fabiano," alisema Lea. "Si uliniambia mama ndiye hapendi viatu jikoni?"

Fabiano aligeuka.

"Uliniambia ndivyo alivyowalea. Ulinikasirikia. Ulizitupa ndala zangu nje." Lea alikuwa haongei na mtu tena, alikuwa anapanga mambo yake mwenyewe, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa likimwingia. "Nilimpokea hapa mlangoni nikiwa miguu mitupu. Aliitazama miguu yangu. Akazitazama ndala zangu zilivyopangwa nje. Akacheka, akavua zake, akazipanga pembeni ya zangu." Alimwangalia mumewe. "Alidhani ni sheria yangu mimi. Alivua kwa kuniheshimu."

Fabiano alishuka chini kwa magoti pale kwenye kizingiti. Aliinyoosha mikono, akaichukua ile ndala ya kulia, iliyokatwa kwa mkasi upande wa kidole gumba, akaishika kwa mikono miwili. Sauti iliyomtoka haikuwa neno.

"Iweke chini, Fabiano," alisema Anastazia. "Hicho ni kielelezo."

Hakuiweka. Koplo Bonifasi alilazimika kumfungua vidole kimoja kimoja ndipo pingu zikaingia, zile zile zilizokuwa zimetoka mikononi mwa Chediel. Alipoinuliwa kwenda garini hakubishana, wala hakumtazama mkewe. Mama Hansa aliiokota ndala, akaipangusa vumbi kwa pindo la nguo yake, akamkabidhi Inspekta bila kuambiwa.

Lea alibaki mlangoni. Alisimama hapo mpaka mlio wa gari ulipopotelea barabarani. Kisha akavaa ndala zake za bluu, akaingia nazo jikoni.